Kutembea kwa Miguu Yako Ndani ya Gemu za VR: Kuanzia Kufunga Mkanda Hadi Kukimbia

Maswali yanayonifikia kuhusu tredimili ya kutembelea ndani ya gemu za VR, zile za kuvaa miwani yenye skrini inayokuingiza ndani ya gemu, ni yaleyale matatu. La kwanza: mashine imefika, nimeifunga vizuri, mbona miguu inateleza hovyo kama niko kwenye tope? La pili: mbona nikigeuza shingo kutazama dirisha, mhusika wangu naye anakata kona kuelekea dirishani? La tatu: mbona baada ya dakika kumi kichwa kinazunguka na mate yananijaa mdomoni? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na ana kwa ana kwa wanaokuja nyumbani kujaribu. Sasa nayaandika yote pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata ninapompandisha mtu kwenye mashine kwa mara ya kwanza.

Mashine yenyewe ni tredimili ya pande zote. Ile ya jimu ina mkanda unaokwenda upande mmoja tu. Hii ina sahani pana inayoteleza, mara nyingi imebonyea katikati kama ungo. Unasimama juu yake umevaa viatu maalumu na umefungwa mkanda kiunoni, mkanda wenyewe ukishikwa na nguzo au duara la mashine. Ukipiga hatua upande wowote, mguu unateleza na kurudi katikati, mwili unabaki palepale, na vihisi vinaieleza kompyuta umeelekea wapi na kwa kasi gani. Gemu yenyewe haijui kama una miguu. Inachopokea ni kana kwamba umesukuma kijiti cha kontrola, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Shikilia jambo hilo moja, maana nusu ya matatizo nitakayoyataja yanatokana nalo.

Za aina hii ni kama Virtuix Omni ya Marekani, ambayo ilichangiwa fedha na watu kupitia Kickstarter mwaka 2013, Cyberith Virtualizer ya Austria, na KAT Walk ya kampuni ya KAT VR. Zipo nyingine zisizotegemea utelezi: Infinadeck inaendeshwa na mota, na Januari 2024 Disney walionyesha HoloTile, sakafu ya vipande vidogo vinavyozunguka iliyobuniwa na Lanny Smoot. Mwongozo huu ni wa zile za sahani, kwa sababu ndizo mtu anaweza kununua na kuweka nyumbani.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Nafasi ya kutosha kunyoosha mikono pande zote bila kugusa kitu. Mimi nahesabu mita 2.5 kwa 2.5, na hapo mashine iko katikati kabisa.
- Dari lililo juu vya kutosha. Ukipanda kwenye sahani umeshaongezeka kimo, na kwenye gemu utainua mikono juu ya kichwa bila kufikiri. Kama chumba kina pangaboi, usiweke mashine chini yake hata kama umelizima. Siku moja utasahau, au mtu mwingine ataliwasha kwa sababu anaona unatokwa jasho.
- Zulia la mpira la kuweka chini ya mashine. Kwenye vigae mashine huhama kidogo kidogo, na kwenye ghorofa jirani wa chini atasikia kila hatua.
- Kompyuta yenye uwezo wa VR, au miwani inayojitegemea iwapo mashine yako inaikubali. Ukitumia miwani bila waya, tafuta ruta ya Wi-Fi ya 5 GHz iliyo chumba hichohicho, na kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo.
- Kama miwani yako ni ya waya, ndoano na kapi ndogo za kuupitishia waya darini. Waya unaoning'inia mgongoni utajizungusha miguuni kabla hujamaliza dakika tano.
- Feni ya kusimama. Nitaeleza kwa nini si ya anasa.
- UPS ya kompyuta (betri ya akiba umeme ukikatika), hata ndogo ya kukupa dakika chache.
- Kaptula au suruali ya mazoezi na soksi nene. Kikoi, dera na suruali pana vinaingia chini ya kiatu.
- Mtu wa pili chumbani kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Kabla hata ya kununua, soma vipimo vya mashine: uzito wa juu na urefu wa chini na wa juu wa mtumiaji. Hivyo havina mjadala. Mkanda na nguzo vimeundwa kushika uzito fulani, na mtoto mfupi mkanda utamkaa kifuani badala ya kiunoni. Mwenye ujauzito, mwenye kifafa, mwenye shida ya moyo au goti bovu asipande bila kuongea na daktari kwanza. Huku ni kutembea kweli. Mapigo ya moyo yanapanda kama ya mtu anayepanda kilima.

Hatua kwa hatua

1. Simamisha mashine, kisha itikise.
Kabla ya kukaza boliti za mwisho, shika nguzo au duara la kiunoni kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu. Ikiyumba, tafuta mguu usiogusa chini na uurekebishe. Kaza boliti zote kidogo kidogo kwa kuzunguka, usimalize moja kabisa ndipo uende nyingine. Rudia kuzikaza baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu mtetemo wa hatua huzilegeza.

2. Futa sahani na nyayo za viatu.
Tumia kitambaa laini kikavu, au chenye unyevu kidogo sana, halafu kikavu tena. Kwetu Dar vumbi na mchanga ndio adui mkubwa. Punje moja ya mchanga chini ya kiatu inachora sahani, na kila mchoro ni mahali ambapo mguu utakwama. Ndiyo maana viatu vya mashine havitembei sakafuni kamwe. Weka stuli kando ya sahani, kaa, vaa viatu, kisha panda moja kwa moja. Ukitembea navyo kwenye vigae unabeba mchanga, na pia unaweza kuanguka vibaya, kwa sababu nyayo zake zimetengenezwa ziteleze.

Usipake mafuta. Nimemwona mtu aliyepaka mafuta ya nazi ili iteleze zaidi. Siku ya kwanza iliteleza kupita kiasi, siku ya tatu mafuta yalishakamata vumbi na kuwa gundi. Kama mashine inahitaji kilainishi, tumia kilekile kilichotajwa na mtengenezaji, kwa kiasi alichokitaja.

3. Funga mkanda mahali pake.
Mkanda unakaa juu ya mifupa ya nyonga, pale unapofungia mkanda wa suruali au chini kidogo. Wiki yangu ya kwanza niliufunga juu mno, karibu na mbavu, nikatembea nusu saa nzima, na alama nyekundu zilikaa siku tatu. Ukiwa umefungwa sawasawa unaweza kupitisha vidole viwili kati ya mkanda na tumbo, na ukilegeza magoti mkanda unakushika bila kukunyanyua. Kama umesimama wima na unahisi unaning'inia, shusha kimo cha mkono wa mashine.

Mpangilio wa kuvaa ni viatu, kisha mkanda, kisha kontrola na kamba zake za mkononi, miwani mwisho. Wa kuvua ni kinyume chake: miwani kwanza. Zoea mpangilio huo mpaka uwe kama kufunga mlango unapotoka.

4. Jifunze kutembea bila miwani.
Hapa ndipo watu wanapoharakisha, na hapa ndipo mashine nyingi zinapogeuka kuwa kabati la kuanikia nguo. Kutembea juu ya sahani si kutembea kwa kawaida. Ni ujuzi mpya unaofanana na ule wa zamani, na mwili unauhitaji kabla macho hayajafungwa. Tenga dakika kumi na tano, miwani iwe mezani.

Simama katikati, magoti yamelegea kidogo. Sukuma nyonga mbele mpaka mkanda ukuzuie. Egemea hapo. Uzito wako uegemee mkanda kwa nyonga. Kifua kibaki wima. Sasa inua goti, peleka mguu mbele juu ya mteremko wa sahani, uweke, halafu acha uzito ushuke. Mguu utarudi katikati wenyewe, na wakati unarudi, mguu wa pili tayari unapanda.

Kosa la kwanza ni kuuvuta mguu kwa nguvu. Anayevuta anachoka baada ya dakika mbili na mapaja yanawaka. Kosa la pili ni kuinamisha kifua kama mtu anayesukuma mkokoteni. Miguu inabaki nyuma na inakosa pa kwenda. La tatu ni kuishika nguzo au duara. Mikono itahitajika kwenye gemu, kwa hiyo iache ining'inie tangu mwanzo. Na la nne ni kutazama miguu. Ukivaa miwani hutaiona, basi usiizoee.

Sikiliza sauti. Hatua nzuri ina sauti ya fagio la chelewa likifagia uwanja: shwaa, shwaa, shwaa. Ukisikia pa, pa, pa, unakanyaga kutoka juu badala ya kuteleza. Fupisha hatua.

Aliyejifunza haraka kuliko wote niliowapandisha ni mama mmoja jirani yangu, mtu mzima, hajawahi kucheza gemu yoyote. Vijana wawili kabla yake walikuwa wanahangaika, wameinama, wamekumbatia nguzo. Yeye nilimwambia tu: mama, tembea kama umebeba ndoo ya maji kichwani. Akanyoosha shingo, akatazama mbele, kiuno kikaanza kufanya kazi, na miguu ikafuata. Alikuwa anateleza vizuri kabla sijamaliza kuwaita wale vijana waje waone. Tangu siku hiyo maneno hayo ndiyo ninayomwambia kila mtu, hata asiyewahi kubeba ndoo.

Usiendelee na hatua ya tano mpaka uweze kutembea dakika tatu mfululizo bila kushika popote, kisha ugeuke mzunguko mzima kulia na mzunguko mzima kushoto.

5. Washa vihisi na uvisawazishe.
Mashine nyingine zina vihisi kwenye viatu, nyingine chini ya sahani, na karibu zote zina kimoja kinachosoma kiuno kimeelekea wapi. Vijaze chaji vyote usiku wa kuamkia siku ya kucheza. Kipokezi kinachochomekwa kwenye kompyuta kivute kwa waya wa USB mpaka karibu na mashine, na ukiweza usikichomeke pembeni ya tundu la USB 3.0 lenye kitu kinachofanya kazi, kwa sababu tundu hizo na vifaa vyake huleta vurugu kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo vihisi vingi vinayatumia.

Unaposawazisha, simama wima katikati, miguu sambamba, vidole vya miguu na kitovu vikitazama mbele ya mashine, na usitikisike mpaka programu imalize. Ukisawazisha umekaa upande, kila utakachofanya baadaye kitakuwa upande.

6. Weka sakafu na katikati upya.
Panda kwenye sahani ukiwa umevaa kila kitu, ndipo uweke kimo cha sakafu kwenye miwani. Ukikiweka ukiwa chini, utaingia kwenye gemu ukiwa unaelea sentimita kadhaa hewani, na mwili unahisi kasoro hiyo hata kama macho hayajaitambua. Kisha ukiwa katikati ya sahani, umetazama mbele, bonyeza kitufe cha kuweka katikati upya. Mpaka wa usalama wa miwani, ule unaokuonya unapokaribia kutoka kwenye eneo lako, uuchore mpana kuliko mashine. Ukiubana, wavu utakutokea usoni kila unapoegemea mkanda.

7. Rekebisha gemu.
Hili ndilo jibu la swali la pili. Gemu nyingi za VR zina namna mbili za kusogea. Moja ni kulenga mahali na kutokea pale ghafla. Hiyo izime, haina kazi na miguu. Nyingine ni mwendo wa mfululizo wa kijiti, na ndiyo unayoitaka.

Sasa gemu inabidi ijue "mbele" ni wapi. Nyingine huchukua mahali kichwa kinapotazama, nyingine mahali mkono unapoelekea. Half-Life: Alyx, kwa mfano, inakupa zote mbili: Continuous inafuata kichwa, Continuous Hand inafuata mkono. Gemu nyingi haziulizi kiuno kiko wapi. Kazi hiyo inafanywa na programu ya mashine: inachukua uelekeo wa kiuno, inatoa tofauti ya kichwa au mkono, na kupeleka jibu kwenye gemu. Kwa hiyo ulichochagua kwenye gemu na ulichochagua kwenye programu ya mashine lazima vifanane. Kichwa na kichwa, au mkono na mkono. Vikipishana, utatazama dirisha na mhusika ataelekea dirishani.

Mimi huanza na kichwa pande zote mbili. Jaribio ni dogo: tembea moja kwa moja kwenye korido ya gemu huku ukigeuza shingo kushoto na kulia. Usipotoka kwenye mstari, umefaulu. Ukipinda, rudi kwenye mipangilio, usijilazimishe kuzoea.

Zima pia kugeuka kwa kijiti. Unageuka kwa mwili wako. Ukichanganya vyote viwili, baada ya muda hutajua chumba chako kiko upande gani.

8. Linganisha kasi.
Hatua ya mtu mzima anayetembea kawaida ni kama sentimita 70, hivyo hatua kumi ni kama mita saba. Tafuta kwenye gemu chumba kinachoonekana na urefu huo, simama ukutani, hesabu hatua mpaka ukuta wa pili. Ukifika kwa nne, kasi iko juu, shusha. Ukitumia ishirini, ipandishe. Wengi wanaweka kasi kubwa siku ya kwanza ili wasichoke, halafu wanalalamika kizunguzungu. Macho yanaona mita tatu wakati mguu umepiga hatua moja; mwili haukubali.

Kuna kitu kingine kwenye programu nyingi: kulainisha mwendo. Kikiwa juu, mwendo unaonekana mzuri lakini unaposimama, mhusika anaendelea kidogo. Hiyo sekunde ndogo ya kusogea huku miguu imesimama ndiyo inayoleta kichefuchefu kuliko kitu kingine chochote nilichokutana nacho. Kishushe mpaka mhusika asimame unaposimama, hata kama mwendo utakuwa na mikwaruzo kidogo.

9. Ingia na miwani, dakika kumi tu.
Washa feni na uiweke mbele ya mashine, mita mbili hivi. Inapunguza joto, na miwani haiingii ukungu. Faida kubwa zaidi ni kwamba upepo ukiwa usoni unajua umetazama mbele, ukiwa sikio la kulia unajua umegeuka kushoto. Mwili unapata alama ya kushikilia. Nimewaona watu waliokuwa wanapata kizunguzungu kwa dakika sita wakafika ishirini kwa sababu ya feni peke yake.

Anza kwenye mazingira matulivu, kama chumba cha nyumbani cha SteamVR (programu ya kuendeshea gemu za VR kwenye kompyuta), ambako hakuna anayekufukuza. Tembea, simama, tembea, simama. Kisha chagua gemu yenye mwendo wa pole. Half-Life: Alyx inafaa kwa sababu mhusika hutembea taratibu na kuna mengi ya kutazama. Skyrim VR nayo ina barabara ndefu za wazi, nzuri kwa kupata mdundo. Gemu za kufyatuliana na watu wengine mtandaoni ziache kwa mwezi. Ukishtuliwa utasahau yote ya hatua ya nne.

Dakika kumi zikiisha, shuka hata kama unajisikia vizuri. Kesho kumi na tano. Kichefuchefu kikianza, vua miwani wakati huohuo. Hakizoeleki kwa kuvumilia. Kinazidi, na mwili unajifunza kuichukia mashine. Kunywa maji, na wengine wanasaidiwa na tangawizi. Usipande umetoka kula shibe.

10. Kugeuka, kurudi nyuma, kukimbia.
Kugeuka kunaanzia kiunoni. Zungusha nyonga, miguu ifuate kwa hatua ndogondogo mbili tatu. Ukizungusha mabega tu, mkanda haugeuki na mashine inadhani bado unaenda mbele.

Kurudi nyuma kunatofautiana. Kwa mashine nyingine unateleza mguu kinyume na inaelewa. Nyingine zinataka kitufe. Hatua za pembeni zijaribu, lakini usizitegemee: nyingi hazisomeki vizuri, na kugeuka ni haraka zaidi. Kuchuchumaa pia kunategemea umbo la mashine. Penye duara gumu kiunoni, tumia kitufe cha gemu.

Kukimbia ni kule kutembea kulekule kwa hatua fupi za haraka na kuegemea zaidi. Usirefushe hatua. Hatua ndefu inapandisha kisigino kwenye ukingo wa sahani, mguu unakosa mteremko, na hapo ndipo watu wanapojipiga ugoko.

Umeme ukikatika

Mashine nyingi za nyumbani hazina mota, kwa hiyo hazitakurusha. Kinachozimika ni picha. Kijana mmoja aliyekuwa kwangu alikumbwa na giza ghafla katikati ya mbio, akashtuka na kujaribu kuruka nje huku bado amefungwa. Mkanda ulimrudisha, akajigonga kiwiko. Tangu hapo namfundisha kila mgeni kabla hajavaa miwani: picha ikipotea, simamisha miguu, weka mikono kwenye nguzo, vua miwani, ndipo uguse mkanda. UPS inakupa muda wa kuzima kompyuta kwa amani, na kama una ruta, ichomeke hapohapo nayo.

Mambo yakikataa

*Natembea moja kwa moja lakini baada ya nusu saa mhusika anapinda.* Kihisi cha kiuno kimehama taratibu. Simama, sawazisha upya. Ikitokea kila dakika tano, angalia kama kuna spika kubwa au chuma kingi karibu na mashine, visogeze.

*Mguu mmoja unasomeka, mwingine hausomeki.* Angalia chaji kwanza, kisha kama kihisi kimekaa sawa na hakikuwekwa kulia badala ya kushoto. Kwa vile vinavyotazama sahani, futa kioo chake. Uzi mmoja wa soksi unatosha kukiziba.

*Mhusika anasogea nikiwa nimesimama.* Ongeza kidogo kiwango cha mwendo mdogo unaopuuzwa kwenye programu, na uangalie kama kijiti cha kontrola chenyewe kimechoka. Itoe tredimili kwenye mfumo ujaribu kontrola peke yake. Tatizo likibaki, mashine haina kosa.

*Mashine imeunganishwa, programu inaona hatua, gemu haisogei.* Mara nyingi gemu imebaki kwenye kulenga na kutokea, au programu ya mashine iliwashwa baada ya SteamVR. Funga vyote, washa programu ya mashine kwanza, kisha SteamVR, kisha gemu.

*Picha inakatakata nikitembea, nikisimama iko sawa.* Kama huna waya, mwili wako umesimama kati ya miwani na ruta unapogeuka. Ipandishe ruta juu, karibu na dari, upande wa mbele.

*Kiuno kinauma.* Mkanda uko juu, au umelegea hadi unakupiga kila hatua. Rudi hatua ya tatu.

*Mashavu ya miguu yanauma siku ya pili.* Hiyo ni kawaida kwa wiki moja hivi, maana unasukuma kwa misuli ambayo barabarani haifanyi kazi hiyo. Nyoosha miguu ukutani kabla na baada. Maumivu ya goti ni jambo jingine: pumzika, fupisha hatua, na yakirudi usipande tena kabla hujaonwa na daktari.

*Ilikuwa inateleza, sasa inakwama.* Futa sahani. Ikikwama bado, geuza kiatu utazame nyayo: zikiwa zimelika upande wa ndani, unakanyaga kwa kupinda kifundo, na nyayo mpya zitalika vilevile ndani ya miezi michache usipobadili unavyokanyaga. Agiza jozi ya akiba mapema pamoja na mashine, kwa sababu kuisubiri peke yake kutoka nje kunaweza kukuweka chini kwa wiki kadhaa na mashine nzima inakutazama.